Wimbo Uliomshinda Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na majungu kama sisi, kiangazi kilikausha nyika nzima. Maji yakabaki mahali pamoja tu: chemchemi ndogo chini ya jabali.

Kila asubuhi wakubwa walitangulia. Gubu! Gubu! Gubu! Wanakunywa, wanakanyaga, wanaondoka. Wadogo wakifika, wanakuta tope.

Bi Sange, mnyama wa kadiri ya panya, mwenye miguu myembamba na pua ndefu isiyotulia, aliwakamulia wanawe majani yenye umande. Siku kitinda mimba wake aliposhindwa hata kulia, alikwenda kwa Bibi Tembo, mkubwa wa nyika.

"Bibi, wanangu wanakufa kwa kiu."

Bibi Tembo akatikisa masikio, pwa, pwa. "Chemchemi inataka mlinzi wa kupanga zamu, tena mvumilivu. Basi, tangu mwezi huu mchanga hadi uwe mpevu, anayetaka kazi hiyo akimbie kila siku kutoka chemchemini hadi mlimani na kurudi. Awe wa kwanza, awe wa mwisho, mradi afike kabla jua halijatua. Akikosa siku moja, ametoka."

"Nimo!" akanguruma Nyati.

"Nimo!" akasema Kongoni.

"Nami nimo," akasema Bi Sange.

Nyati alicheka mpaka mate yakamruka. "Wewe, shemeji? Si utamezwa na nyasi!"

"Nitapita chini yake, shemeji."

Mbio zikaanza. Kongoni pwata-pwata-pwata! Nyati gudu, gudu, gudu! Bi Sange tiki-tiki-tiki, nyuma kabisa, vumbi lao lote puani mwake.

Kongoni akafika wa kwanza. Wake zake wakapiga vigelegele, wakaimba jina lake. Na desturi ya nyika ile ilikuwa hivi: ukiimbwa, hukai. Unacheza mpaka wimbo uishe. Kukaa ni kumtukana anayekuimba.

Asubuhi yake Bi Sange aliona jambo. Kongoni alikuwa akiinua mguu wa nyuma kama anayekanyaga makaa.

"Mbona hivi?" akajiuliza. "Mlima ni uleule niliopanda mimi, nami ni mzima. Yeye ana miguu mirefu kuliko ukoo wangu wote. Nini kimemuuma?"

Akakimbia na swali lake hadi mlimani. Akarudi nalo. Aliporejea akamkuta Kongoni anacheza tena, anaruka, anatua, du! du! juu ya jiwe. Bi Sange akatazama zile kwato. Pua yake ikatulia.

Akaenda mbio kwa mumewe. "Baba watoto, una sauti?"

"Sauti ya nini?"

"Ya kumsifu Kongoni."

"Mke wangu, jua limekupiga?"

"Waite dada zako. Mwite na mama mkwe. Muimbe kwa zamu, wimbo usikatike mpaka giza."

"Na makoo makavu hivi?"

"Ndiyo maana muimbe!"

Kesho yake Kongoni alipofika tu, vichakani kukalipuka:

"Kongoni, Kongoni, ukipita mbugani,
nyasi zinaulizana: huyo upepo ni nani?"

Loo! Kongoni akacheza mpaka povu likamtoka. Nyati akasimama kando, amenuna.

"Enyi akina Sange! Mimi sina jina?"

"Tulikuwa tunaona haya, shemeji!" akajibu mume wa Bi Sange. Wakaanza:

"Nyati, Nyati, ardhi inakujua,
ukikanyaga bondeni, mlimani jiwe hulia!"

Nyati akaruka, gudu! Kongoni akaruka, du! Hakuna aliyekubali kuachwa. Bi Sange akafika polepole, wa mwisho, asiyeimbwa na mtu. Akajilaza kwenye kivuli cha jabali, akakoroma, koro... koro...

Ikawa hivyo kila jioni. Mwezi ukanenepa. Kongoni akawa anakimbia kwa kuchechemea, kisha akaishia njiani, akaketi akitazama kwato zake kama za mgeni.

Siku mwezi ulipotimia, Bibi Tembo akaita wakimbiaji. Nyati akajiinua. Goti moja. Goti la pili. Puu! Akaanguka. Akajaribu tena. Puu!

Bi Sange akaondoka peke yake. Njia ilikuwa ndefu siku ile, na mara mbili alijikwaa. Hata hivyo alifika chemchemi jua likiwa bado limeshika kilele cha mlima.

"Msaliti!" Nyati akafoka akiwa chini. "Kumbe nyimbo zile zilikuwa za kunivunja miguu!"

"Shemeji, tulikuimba uongo?"

Nyati akafikiri. "La. Ulikuwa wimbo mzuri."

Bibi Tembo akacheka mpaka majani yakapukutika. "Bi Sange, chemchemi ni yako, panga zamu!" Wanyama wote wakaanza kuliimba jina la Bi Sange, vigelegele vikapaa, wakangoja acheze.

Bi Sange akaketi chini, pwata!

"Mkiona nimewatukana, mnisamehe," akasema. "Miguu hii ina kazi kesho. Watoto, njooni mnywe."

Kitinda mimba akatangulia, akazamisha pua yake yote majini.

Basi, wanangu, ukisikia unasifiwa, kaa chini kwanza.