Kanga Aliyenyimwa Idhini ya Kusema

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyie wa nyuma hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa na simu. Msicheke! Simu walikuwa nazo, na chaji walikuwa nayo. Wakaungana kwenye baraza moja la simuni, wakawa wanapeana habari humo: mto umejaa, simba kapita, nyasi zimeota.

Fundi wa baraza hilo alikuwa Tumbili. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nyati. Kabla ya kulifungua, Tumbili akamuuliza, "Mzee, nani aingie, na nani aseme?"

Nyati akamrudishia swali. "Mtoni kwetu nani anakunywa kwanza?"

"Mwenye pembe."

"Basi na humo vivyo hivyo. Mwenye pembe aseme. Asiye na pembe asome tu. Akiwa na neno, ujumbe wake uje kwangu kwanza niupitishe."

Tumbili akatengeneza kama alivyoambiwa. Swala, sema. Tembo, sema, maana zile za mdomoni nazo zilihesabiwa pembe. Kobe, kimya. Panya Buku, kimya. Na Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa, kelele tupu toka asubuhi, naye kimya! Kanga anyamaze, jamani? Ilimuuma sana.

Siku moja ya jua kali, Mama Kanga alikuwa bondeni na vifaranga wake. Wadogo hao, hata kuruka hawajajua. Mara akasikia harufu. Akainua shingo. Moshi! Moto unakuja, ta-ta-ta-ta, unakula nyasi, na upepo unausukuma. Mbele moto, nyuma jabali. Vifaranga wapite wapi? Wa kuuzima moto ule alikuwa Tembo tu, na Tembo yuko mtoni, mbali, mabawa ya Kanga hayafiki.

Kanga akadonoa simu, do! do! do! "Moto bondeni! Tembo, njoo na maji!"

Simu ikamjibu: Ujumbe wako unasubiri idhini.

Akatuma tena. Unasubiri idhini.

"Idhini!" Kanga akafoka. "Moto nao umeomba idhini kwa nani?"

Akawasukumia vifaranga kwenye ufa wa jabali, akaruka, puruuu! mpaka kwa Nyati, ambaye makao yake yalikuwa karibu. Akamkuta amejilaza matopeni, anacheua, simu kando.

"Mzee, pitisha ujumbe wangu! Moto!"

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, Mzee. Moto!"

"Marahaba. Ujumbe wa wasio na pembe naupitia jioni. Fuata utaratibu."

"Jioni nitakuwa nimeshazika wanangu!"

"Haraka haraka haina baraka," Nyati akasema, akafumba macho.

Ebo! Kanga akaona sasa basi. Heshima ameshaitoa, haikumsaidia kitu. Akairukia simu ya Nyati akaidonoa mwenyewe: MOTO BONDENI! TEMBO, MAJI! Ukaenda moja kwa moja.

Weee! Ti! ti! ti! Tembo huyo, mkonga umejaa maji. Shwaaa! Shwaaa! Moto ukafia mbele ya jabali. Vifaranga wakatoka mmoja mmoja, weusi kwa masizi, wanakohoa, lakini wazima. Mama Kanga akawafunika kwa mabawa akalia kwa sauti, wala hakuona haya.

Nyati akaita kikao. "Kanga ameshika simu yangu. Amevunja utaratibu."

"Nimevunja," Kanga akasema. "Na kesho nikiona moto nitauvunja tena."

Tembo akataka kusuluhisha. "Tumpe pembe ya heshima. Huyu aseme."

Wengine wakashangilia. Kanga akakataa katakata. "Sitaki! Kobe akiona moto atamwomba nani? Panya je? Mdomo nimezaliwa nao. Pembe za nini?"

Nyati akabonyeza simu. Simu ya Kanga ikalia: Umeondolewa.

"Ahsante," Kanga akasema. "Tumbili, nijengee baraza jingine. Kila anayeingia aseme. Akizua uongo au akitukana, anyamazishwe kwa kosa lake, na wenzake wakiafiki. Na ufunguo usikae kwa mmoja."

"Mzee atakasirika," Tumbili akanong'ona.

"Akasirike!"

Tumbili akajenga. Panya akahamia huko. Kobe akahama, polepole, lakini akahama. Swala naye. Mwishowe Tembo. Nyati akabaki mwenyekiti wa nani? Akituma amri, anaisoma mwenyewe.

Siku zikapita. Upweke ukamzidi, Nyati akaja kwenye baraza jipya. Wenyeji wakapiga kelele, "Afungiwe! Mwenye pembe huyo!"

Kanga akawageukia kwa hasira. "Afungiwe kwa pembe zake? Sasa sisi na yeye tofauti yetu nini? Mfungulieni!"

Wakamfungulia. Nyati akaandika neno moja: "Hodi."

Wa kwanza kumjibu walikuwa vifaranga: "Karibu, babu."

Haya, wadogo kwa wakubwa, mafundisho ni haya: mtu anyamazishwe kwa alilotenda, asinyamazishwe kwa alivyozaliwa. Na ukinyimwa sauti huku nyumba inaungua, piga kelele, usingoje idhini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo nyumbani, na aliyechukia aseme, hapa kila mtu ana mdomo.