Ubishi wa Kipanga na Mwanga

"Mbio za kiooni hazimfikishi mgonjwa." Mmeisikia sokoni leo, mkacheka, na sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wanangu, na mnivumilie nikipandisha sauti, maana miaka kumi na mitano haijanipoza.

Hapa mtaani palikuwa na banda la gemu, na banda lile lilikuwa na sheria moja ya kijinga. Ubishi ukianza, atakayeinuka kwenye benchi kabla haujaisha ameshindwa, na jina lake linaandikwa kwa chaki mlangoni wiki nzima. Watu wazima wenye ndevu zao waliiogopa chaki ile kuliko polisi.

Asubuhi hiyo walikuwa wanabishana juu ya Kipanga, mkimbiaji wa kwenye gemu. Chaula, dereva wa bodaboda, alishikilia kwamba Kipanga anaupita mwanga kwa mbio, kwa kuwa aliwahi kuukwepa mwale wa adui. Mgovano, fundi redio, akamjibu kwamba Kipanga mwenyewe ni mwanga tu wa kwenye kioo, sasa atajipitaje? Kila mmoja alikuwa na wapambe wake, na kelele zilifika hadi kwetu.

Nikaingia bandani nahema. Mama yangu alikuwa amebanwa na pumu, midomo imeanza kubadilika rangi, na pikipiki ya Chaula ndiyo pekee iliyokuwapo nje.

"Chaula, Mama hapumui vizuri. Twende hospitali."

"Dakika mbili, dada. Nikiinuka sasa, huyu ameshinda."

Nikamgeukia Mgovano. "Kaka, mwambie aende. Mwambie mtaendelea akirudi."

"Sheria ni sheria," akasema, wala hakunitazama. "Akiinuka, tunaandika."

Mpaka leo sijui nimkasirikie yupi zaidi. Yule aliyekuwa na pikipiki, au huyu ambaye neno lake moja tu lingetosha? Na wale wengine kumi waliokaa kimya wakisubiri mshindi, nao niwaite nani?

Sikuwabembeleza. Majirani wawili walinisaidia kumlaza Mama kwenye mkokoteni, tukausukuma kuupanda ule mlima wa hospitali, naye akivuta pumzi moja moja huku amenishika mkono. Alikata roho hatua chache kabla ya geti. Nikamfunika kwa khanga yangu.

Tulikuwa bado tumesimama pale Chaula alipofika, pikipiki inanguruma, jasho linamtoka.

"Nimekuja mbio, dada," akasema. "Mgovano amekubali mwenyewe, Kipanga anaupita mwanga. Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Nilifunua khanga, nikamwonyesha. Kisha nikamwambia, mbele ya wote waliokuwa getini, "Mbio za kiooni hazimfikishi mgonjwa."