Firigisi ya Mzee Mbaruku

Mmekaa jamani? Karibuni. Mwenye karanga atafune taratibu, mwenye simu aizime kidogo. Hadithi yenyewe ni ya mtandao, lakini nataka mnisikilize mimi.

Hapo zamani, zamani hii ya juzijuzi, palikuwa na Mzee Mbaruku na mkewe Bi Tatu. Nyumba yao ya mawe, kuta nene. Bi Tatu alivunjika nyonga, akawa wa kulala tu chumba cha nyuma. Binti yao mdogo akajifungua huko Maskati, na Ijumaa alasiri mtoto ananyolewa.

"Nataka nimwone na nywele zake za tumboni," akasema Bi Tatu. "Zikishanyolewa, basi tena."

Simu chumbani kwake haishiki kitu. Abebwe mpaka sebuleni? Wenye nguvu pale ni waume wa binti zake wakubwa, Mhina, Kombo na Shekue, na mkwe hambebi mama mkwe. Hata mlango wa chumba chake hawauvuki.

Mzee akawaita. "Atakayemfikishia mama yenu mtandao, nampa firigisi yangu."

Wakatazamana. Kuku ana firigisi moja, na katika nyumba ile haijawahi kuliwa na mtu mwingine ila Mzee.

Mhina akaenda kuchagua ruta. Muuzaji akamletea yenye antena nane kama mapembe. "Hii nguvu yake balaa, kaka." Mhina akageuza boksi, akasoma mstari kwa mstari, akairudisha. Akachukua ndogo, ya kubeba simu nyingi bila kukwama, yenye matundu ya waya nyuma. Sebuleni mtandao ukawa moto. Kwa Bi Tatu, kimya.

"Umewaletea makochi?" Kombo akamwuliza.

Kombo naye akaenda, akachagua visambaza mtandao viwili, vile visahani vyeupe vya kubandika darini. "Ruta peke yake haipenyi mawe haya. Kisahani kiwe karibu na mama." Kimoja akabandika kwenye korido, kimoja nje ya mlango wa Bi Tatu. Taa zikawaka vizuri. Mtandao hakuna.

"Umetupambia Idi," akasema Mhina.

"Vinataka waya kutoka kwenye ruta," akasema Shekue. Mzee hataki kuta zake zitobolewe, kwa hiyo njia ni moja, kuzunguka nje kupitia banda la kuku. Shekue akaingia kwa tumbo. Jogoo akamdonoa masikio. Akatoka na manyoya kichwani, waya mkononi. Mtandao ukafika.

Ijumaa, wembe umeshashikwa kule Maskati, picha ikakatika. Jogoo kaudonoa waya. Shekue akarudi bandani, akaweka waya mwingine, akatoka na jogoo.

Picha ikarudi, nywele bado zipo. Bi Tatu akatazama mpaka machozi yakamtoka. "Mashallah, zilivyo nyingi. Za babu yake ziliishia wapi?" Mzee akavuta kofia.

Jioni yule jogoo akaletwa kwenye sinia, koridoni nje ya chumba cha Bi Tatu, firigisi katikati.

Mhina akasema, "Bila ruta yangu, visahani vingesambaza nini?"

Kombo akasema, "Bila visahani vyangu, mtandao ungebaki na makochi."

Shekue akashika sikio. "Bila mimi, hata kuku mwenyewe msingemla."

Mzee akakohoa. "Naona kila mtu kafikisha kipande. Labda ibaki pale ilipozoea."

Ndipo Bi Tatu akasema kutoka nyuma ya pazia la mlango wake, "Nyie. Tangu niolewe naipasua firigisi, naimenya, naipika. Ladha yake siijui. Na huo mtandao umefika kwa nani?"

Mikono yote ikasimama juu ya sinia.

Msinijibu sasa hivi. Na mimi nina jogoo wangu jikoni, nasikia mfuniko unacheza, ngoja nikamtazame. Nikirudi nataka jina moja tu, na mjue hata jogoo wangu ana firigisi moja. Je, ile ya Mzee Mbaruku, nani aliistahili?