Mtaro wa Mteremkoni

Paukwa!
Pakawa!
Mh! Mnaitikia kama wagonjwa. Paukwa!
Pakawa!
Afadhali. Na mimi nimechoka leo, msidhani. Sogeeni, wakubwa na wadogo, niseme mara moja.

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana mifuko ya plastiki ilikuwepo, palikuwa na mtaa wa wanyama nje kidogo ya mji. Uliitwa Mteremkoni. Juu alikaa Mzee Bata Mzinga, mwenyekiti wa mtaa. Katikati walikaa Mama Mbuzi na Kima. Chini kabisa, maji yote yanakoelekea, alikaa Bi Kanga.

Mtaro ulipita mtaa mzima. Na mtaro wenyewe, jamani! Kima akila ndizi, ganda mtaroni. Mama Mbuzi akichoka na gunia, gunia mtaroni. Mwaka mmoja mvua ikanyesha, mtaro ukafurika, ukachukua mayai ya Bi Kanga. Yote. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Alipomaliza kulia akaingia mtaroni. Kila asubuhi, kwaru kwaru kwaru, anachakura. Maganda akayatia shimoni yaoze, yawe mbolea ya mchicha. Plastiki akaiweka kando. Kwaru kwaru kwaru.

Majirani wakipita, wanasimama.
"Hongera, Bi Kanga! Mtaro wako unapendeza!"
"Mtaro wetu, jirani. Karibu tusaidiane."
"Kesho, Mungu akipenda."

Kesho ikaja. Kwaru kwaru kwaru, yuko peke yake. Kesho nyingine Kima akapita, akaziba pua.
"Bi Kanga, mtaro wako leo unanuka, bwana!"
Akatupa ganda, akaenda zake. Mnacheka? Chekeni. Bi Kanga hakucheka. Miguu inamuuma, mgongo unamuuma. Mchicha uliposhamiri, hapo ndipo wote walipoijua njia ya kwake. Wakachuma, wakashukuru, wakaondoka.

Mawingu yakarudi. Bi Kanga akataga tena. Akapanda kwa mwenyekiti, hoi.
"Mzee wangu, naanza kuatamia. Nikiondoka mayai yatapoa. Naombeni mshike mtaro, hata kwa zamu."
"Limefika hilo," akasema Bata Mzinga. "Tutaitisha mkutano."

Mkutano ukaitishwa. Wakaongea. Wakanywa chai. Wakaongea tena. Halafu wakateremka mpaka kiotani kwa vigelegele.
"Bi Kanga! Tumekupa cheo! Kuanzia leo wewe ni Mkuu wa Mtaro!"
Makofi, pa pa pa!
"Nimeomba mikono," akasema Bi Kanga, "mmeniletea cheo." Akafumba macho. Alichoka, jamani, kule kuchoka ambako hata hasira haziji.

Mvua ikaja. Chwaaa! Mchana kutwa, chwaaa! Mtaro ukaziba kule juu, karibu na mlango wa Bata Mzinga. Maji yakaacha njia yake, yakaingia majumbani. Kwa mwenyekiti, ndani. Kwa Kima, ndani. Kwa Mama Mbuzi, ndani. Yakateremka mpaka kiotani kwa Bi Kanga.

"Bi Kanga weee! Mtaro wako umeziba! Njoo!"
Bi Kanga amekaa juu ya mayai. Maji yamemfika kifuani. Anatetemeka.
"Siji!" akajibu. "Mwaka ule nilipoteza wanangu wote. Safari hii sitoki. Mtaro si wangu. Hawa ndio wangu."

Wakatazamana. Hakuna mwingine wa kumwita. Kima akaingia, chubwi! Mama Mbuzi, chubwi! Bata Mzinga akakunja mbawa zake, naye chubwi! Wakavuta. Hola. Wakavuta tena. Likatoka godoro la maua mekundu.
"La nani hili?" akauliza Mama Mbuzi.
Bata Mzinga akatazama pembeni. Maji yakafunguka, gugugugu, yakaenda zake.

Asubuhi wakateremka kwa Bi Kanga, matope mpaka masikioni. Mayai ya pembeni yalikuwa yamepoa. Hayo hayakuanguliwa tena. Ya katikati, chini ya kifua chake, yalikuwa bado na joto.
"Bi Kanga," akasema Kima, "tuanzie wapi?"
"Mtaro ule pale." Hakuinua hata kichwa.

Wakaingia wote, na mwenyekiti wao. Kwaru kwaru kwaru. Bi Kanga akawasikiliza. Wao wanachakura, yeye kakaa. Akalia kidogo kwa ajili ya yale yaliyopoa, kisha usingizi ukamchukua.

Haya. Mafunzo ni haya: mtaa ni wa wote wanaokaa, na uchafu wake ni wa wote. Anayewafanyia kazi yenu, msimpigie makofi tu. Ingieni mtaroni mkamsaidie, mapema, kabla mayai hayajapoa.

Hadithi yangu imeishia hapo, naenda kunyoosha mgongo. Na wewe uliyekuwa unatafuna muwa hapo nyuma, hayo makapi usiniachie mimi.