Vidato Vilivyobanana

Waliotamka kwanza kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa, walikuwa wakitazama majini. Waliona chombo kikielea kama unyoya, wakakumbuka shoka, jasho na vidole vyenye majeraha vya fundi aliyekiunda. Maana yake ni kwamba kila jambo lililo jepesi machoni petu lilimlemea mtu fulani mgongoni. Wala methali hii haihitaji bahari. Ludvina aliukuta ukweli wake juu ya jabali, mahali ambapo maji pekee ni theluji inayoyeyuka.

Ilikuwa asubuhi ya Juni katika bonde la Badia, chini ya milima ya Dolomiti. Ludvina, aliyekuwa amepata idhini ya kuongoza wapandaji mwaka uleule, alikuwa akipanda njia ya chuma pamoja na Mjomba Tita, ndugu mdogo wa mama yake. Kila majira ya baridi yakiisha, lazima mtu aikague njia ile: waya mnene uliotandazwa jabalini, misumari mikubwa inayoushikilia, na vidato vya chuma vya kukanyagia pale ambapo jiwe ni laini kama shavu. Walikuwa wakigonga kila msumari kwa nyundo na kusikiliza. Ulio mzima uliimba kama kengele ya ng'ombe. Uliolegea ulikohoa.

"Huo unakohoa kama wewe, Mjomba."

"Basi ugonge taratibu. Wazee hatupigwi nyundo."

Ludvina alicheka, akahamisha kulabu moja ya mkanda wake wa usalama kwenye waya, kisha ya pili, wala asiachie zote kwa pamoja. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake, Vijil, aliyeitunza njia hiyo kabla magoti hayajamwangusha. Kila akisikia mlio wa kulabu, utoto wake ulimrudia: mluzi wa baba yake mbele, harufu ya misonobari ikibaki chini, na kileleni mkate mgumu mweusi na vipande vya nyama ya moshi vilivyokatwa kwa kisu cha mfukoni. Hakuna chakula kilichowahi kuwa kitamu kama kile. Alipanda mara ya kwanza akiwa na miaka saba. Pale Begani, mahali pagumu kuliko pote, watoto wa wageni walilia hadi wakabebwa. Yeye alipita kwa miguu yake kama mbuzi wa mlimani. Alikuwa ameisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alivimba kichwa kidogo.

Siku hiyo alibeba msumeno. Katika mkutano wa wapanda milima wa kijiji alikuwa amesimama na kusema kwamba vidato vya Begani vimebanana mno. Watu wazima wanajikwaa, wageni wanacheka. "Jabali si ngazi ya kuku!" alisema, na ukumbi ukapiga makofi. Ikaamuliwa vikatwe, naye akapewa kazi hiyo, ya kwanza tangu awe mwangalizi wa njia. Baba yake alikuwa ameketi nyuma akitazama kofia yake. Kura zilipopigwa, aliinua mkono kuunga mkono, asiseme neno.

Walipofika Begani, Ludvina alijifunga vizuri na kuanza na kidato cha chini. Msumeno ulilia. Rangi nyekundu ilibanduka kwa magamba, na chini yake chuma kikajitokeza, nacho hakikuwa laini kama vidato vya kwingine njiani. Kilikuwa kimesokotwa kama msuko wa nywele.

Ludvina alivua glavu, akakipapasa. Kiganja kilitambua kabla ya akili. Ukingo wa roshani ya nyumbani kwao ulisokotwa hivyohivyo. Alipokuwa mdogo alikuwa akiegemeza shavu lake hapo akimngoja baba yake ashuke mlimani. Ila ni nusu tu ya ukingo iliyokuwa ya chuma. Nusu nyingine ilikuwa ya mbao.

"Mjomba," aliita, sauti ikiwa nyembamba. "Ule ukingo wa roshani, si mliniambia ulibebwa na theluji?"

Tita alijikuna chini ya kofia ngumu. "Theluji gani hiyo, inabeba chuma na kuacha maua ya mama yako?"

"Niambie."

"Ulilia majira yote ya baridi, wewe. Ulitaka kileleni, na miguu yako ilikuwa kama ya kifaranga cha jana. Nikamwambia, shemeji, si umbebe tu? Akasema, akibebwa atafika, lakini hatakuwa amepanda. Akaomba chuma mkutanoni. Unajua walimjibuje? Jabali si ngazi ya kuku."

Ludvina alihisi uso unawaka, ingawa upepo ulikuwa wa baridi.

"Akakata ukingo, akakunja vidato nyumbani, akatoboa jiwe kwa tindo na nyundo, mvua ikimnyeshea. Dada yangu alimpa supu baridi juma zima."

"Na juzi aliinua mkono! Kwa nini hakusema?"

"Nilimuuliza. Akasema, mtoto amekua, vidato vimemaliza kazi."

Ludvina aliegemeza paji la uso jabalini, akalia pasipo sauti. Miaka yote alijisifu kwa kupita Begani bila kusaidiwa, kumbe alikuwa akikanyaga mikono ya baba yake.

"Lia, lakini malizia hicho," Tita alisema kwa upole. "Chuma kilichokatwa nusu huua mtu."

Alimalizia kukikata kidato hicho, akakitia mkobani. Vingine hakuvigusa.

Alasiri alimkuta baba yake roshanini, miguu juu ya kigoda. Alimwekea kile chuma mapajani. Mzee alikigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya msokoto.

"Kazi imekwisha?" aliuliza.

"Haijaisha, Baba. Imeharibika. Kuna watoto wengine bondeni, na miguu yao bado mifupi. Nitarudi mkutanoni niyafute maneno yangu mbele ya wote. Ila kesho uniwashie tanuri la kufulia chuma. Begani panahitaji kidato kipya."

Macho ya Vijil, yaliyolowa, yakahamia polepole kwenye nusu ya ukingo iliyobaki.

"Chuma tutakitoa wapi?" alinong'ona.

"Nawasikia!" Sauti ya mama ilitoka jikoni. "Gusa ukingo wangu tena, Vijil, utalala na ng'ombe!"

Mzee akaanza kupiga ule mluzi wa zamani, na Ludvina akaketi chini, akaegemeza shavu lake kwenye chuma kilichosokotwa kama alivyofanya utotoni. Kutoka hapo aliweza kuona Bega la jabali, dogo na laini kwa mbali, kana kwamba mtu yeyote angeweza kulipita kwa urahisi. Lakini sasa alijua: ukiona vyaelea, vimeundwa.