Mshono wa Bega la Kushoto

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuziona ndege angani, palikuwa na kiwanja kidogo cha ndege chini ya milima ya Mbulunge. Mvua kubwa zikinyesha, mito ya huko ilibomoa madaraja na vijiji vya bondeni vikabaki peke yao. Hapo ndipo wauguzi wachache waliofundishwa kuruka kwa parachuti walipoteremshwa kutoka angani, dawa zimefungwa kifuani.

Mmoja wao alikuwa Sikudhani, mkunga. Sikilizeni vizuri yaliyompata, maana mwishoni nitawauliza ninyi.

Pembeni mwa kiwanja palikuwa na karakana ya kukarabati maparachuti. Msimamizi wake alikuwa Bi Mosi, mama mtu mzima ambaye hakujaliwa mtoto. Mtengenezaji wa cherehani alikuwa Fundi Kombo, aliyefiwa na mkewe Tausi. Mshonaji alikuwa Asumini, binti aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Sikudhani aliwajua wote watatu, kwa sababu kila mrukaji alilazimika kukunja parachuti lake mwenyewe, naye alipenda kukunjia pale karakanani, akisikiliza cherehani zikifanya kazi.

Basi mwaka mmoja, mvua zikikaribia, cherehani kubwa ya kushonea mikanda ikafa. Fundi Kombo aliifungua, akaitazama, akaifunga tena, akasema imefika mwisho wake. Mkuu wa kiwanja akahangaika huku na huku mpaka akapata mfadhili wa kuwanunulia cherehani nyingine, lakini moja tu. Mkuu alitaka ile ya kasi, ya kushonea kitambaa chepesi, kwa sababu maparachuti yaliyochanika yalikuwa yamerundikana hadi dirishani. Bi Mosi alimwambia kwamba kitambaa kitashonwa hata kwa cherehani ndogo zilizopo, ijapokuwa polepole, lakini mikanda inayomshika mtu mabegani haina cha kuishona. Mkuu akamjibu kwamba ameshaamua. Bi Mosi akirudi na cherehani nyingine yoyote, arudishe na funguo za karakana.

Bi Mosi akaenda mjini, na Sikudhani akamsindikiza. Kwenye kikapu Bi Mosi alikuwa amebeba vipande vya mikanda vya kujaribia.

Dukani wakaonyeshwa cherehani mpya, inang'aa, inakwenda kama upepo. Bi Mosi akaiwekea mkanda uliokunjwa mara nne. Juu mshono ukatoka mzuri, umenyooka. Akaugeuza upande wa chini, uzi umelegea, umejikunja vitanzi. Akajaribu nyingine, ile inayoshona kwa kwenda upande huu na upande ule, nzuri sana kwa pindo na kamba. Sindano ikapinda. Muuzaji akaanza kuchoka. Kwenye kona palikuwa na cherehani kuukuu, nzito, rangi imebanduka, guu lake linatembea pamoja na kile kinachoshonwa. Bi Mosi akaikalia. Ikashona taratibu, kishindo baada ya kishindo, na mshono ukawa sawa juu na chini. Akampa Sikudhani mkanda ule, akamwambia auvute kwa nguvu zake zote. Sikudhani akavuta mpaka viganja vikamuuma. Mshono haukutoa hata sauti.

"Hii," akasema Bi Mosi.

Wakarudi nayo. Mkuu akaitazama cherehani, akamtazama Bi Mosi. Bi Mosi akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani.

"Funguo hizi hapa, Mkuu. Cherehani ibaki."

Kuanzia siku ile karakana ikawa chini ya kijana ambaye Bi Mosi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na mama huyo akawa wa kukunja vitambaa na kupanga tu. Sikudhani alikuwapo, akaona yote hayo.

Lakini cherehani ile haikushona muda mrefu. Siku chache tu, ikakwama. Fundi Kombo akaipindua, akakuta kile chuma kidogo cha chini, kinachoushika uzi wa juu na kuuzungushia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kina ufa. Bi Mosi alikuwa ameujaribu mshono, lakini hakufunua chini kutazama. Wakaulizia madukani, wakaambiwa cherehani za namna ile hazitengenezwi tena. Wakamuuliza Fundi Kombo kama anajua pa kukipata chuma cha namna ile. Akasema hajui.

Alijua. Marehemu Tausi alikuwa mshonaji wa maturubai ya malori, na cherehani yake ilikuwa ya aina ile ile. Ilikuwa bado barazani kwa Fundi Kombo, imefunikwa kwa kanga ya Tausi mwenyewe. Sikudhani aliwahi kuiona alipokwenda kuhani msiba. Hakumwambia mtu. Aliona si haki yake kuyasema ya nyumba ya mwenzake, ingawa mkanda uliochakaa, ule uliokuwa ukingoja kushonewa mwingine, ulikuwa wake.

Mvua zikaanza. Bi Mosi alikuwa akipita mbele ya cherehani ile iliyonyamaza, anaigusa, anapita. Fundi Kombo alikuwa akijishughulisha na mambo mengine, hamtazami mtu usoni.

Asubuhi moja akaja kazini na kitu amekifunga kwenye kipande cha kanga. Akakaa chini, akakipiga tupa kidogo, akakifunga kwenye cherehani. Kikakaa. Alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho, akamwambia Sikudhani bila kuinua kichwa:

"Kila jioni nilikuwa naizungusha ile cherehani kwa mkono, dada, nisikie tu sauti yake. Leo alfajiri nimeizungusha. Gurudumu linakwenda, uzi haushikwi, wala sauti si ile."

Sikudhani akamshika bega.

Siku ile ile Asumini akaushona mkanda mpya wa bega la kushoto la Sikudhani. Msimamizi mpya akaukagua, akaupitisha. Parachuti likatundikwa tayari. Watu wakala chakula cha mchana, lakini Asumini hakula. Alikuwa amefungua cherehani ili abadilishe bobini, akakuta mle ndani uzi mwembamba wa kitambaa, si ule mnene wa mikanda. Rangi ni moja, na kwa juu alikuwa ameweka uzi unaotakiwa. Hakuna jicho ambalo lingeona kosa lile.

Na utaratibu wa majaribio aliujua. Kosa kwenye mkanda, kazi imekwisha. Nyumbani alikuwa ameacha mama na wadogo zake wanaomtegemea.

Akaenda ofisini. Sikudhani alikuwa pale akipokea maelekezo ya hali ya hewa.

"Mkuu," alisema Asumini, "bega la kushoto la dada Sikudhani nimelikosea. Naomba nilifumue."

Akalifumua, uzi mmoja mmoja, na Sikudhani akamshikia ncha ya pili ya mkanda. Machozi ya Asumini yalidondokea mkanda na akayafuta kwa kiwiko, kisha akashona upya kwa uzi unaotakiwa, akaugeuza mkanda juu na chini, akamwonyesha kila mtu. Halafu akachukua mkoba wake akaenda kwao, kwa kuwa Mkuu alisema utaratibu ni utaratibu.

Haikupita wiki, habari zikaja kwamba ng'ambo ya mto kuna mama ameshikwa na uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Sikudhani akapanda ndege. Juu ya bonde upepo ukawasukasuka, na alipotoka mlangoni akapinduka. Parachuti lilipofunguka lilimkamata kwa upande mmoja, upande wa kushoto, na uzito wake wote na wa dawa ukaning'inia kwenye bega lile. Aliusikia mkanda ukilia karibu na sikio. Akafumba macho. Alipoyafumbua, alikuwa bado anaelea, na chini yake palikuwa na shamba la mahindi.

Alitua kwenye matope, bega limevilia damu. Kabla ya jua kuzama alikuwa amempokea mtoto wa kiume, na mama yake akiwa hai anaomba uji. Walioupima mkanda ule baadaye walisema usingestahimili kwa mshono wa vitanzi, wala kwa uzi ule mwembamba. Na ule mkanda wa zamani, uliochakaa, nao usingestahimili.

Miaka haikuwa mingi, Sikudhani naye akajaliwa mtoto wa kike. Kwa akina mumewe, mtoto hupewa jina la mtu mmoja tu, na mwenye jina huwa mzazi wa pili. Mtoto humwamkia kama mama au baba, hukaa kwake siku za likizo, na mtu huyo akizeeka, ni yule mtoto anayemwangalia. Jina likitoka kwa mtu aliyefariki, basi nyumba yake ndiyo hupokea haki hizo. Mumewe akamwambia achague yeye, kwa kuwa uhai uliookolewa ulikuwa wake. Sikudhani akawaita wale watatu.

Bi Mosi alisema kwanza, taratibu, kama desturi yake.

"Mwanangu, sijawahi kuomba kitu kwa mtu. Bila cherehani ile, hawa wenzangu wangetengeneza nini, na wangeshonea nini? Niliitolea cheo changu. Sikuzaa mimi. Mtoto akiitwa Mosi, nitakuwa nimeacha mtu nyuma yangu."

Fundi Kombo akasema, "Mimi sijiombei. Namwombea Tausi. Ile sauti ndiyo iliyokuwa imenibakia, nikaizima ili wewe urudi. Nataka niite jina lake pale nyumbani, na mtu aitike."

Asumini alikuwa amesafiri kutoka mbali, ambako alikuwa akishona sare za shule.

"Cherehani nzuri ilikuwapo, na chuma kilikuwapo," alisema, "na bado ungekufa, dada. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Lakini lilikuwa linajulikana na mimi na Mungu tu. Kwetu wanajua nilifukuzwa, hawajui kwa nini. Mtoto akiitwa Asumini, watauliza, nami nitawaeleza nikiwa nimeinua uso."

Fundi Kombo akamwambia kwa upole kwamba hatari ile Asumini mwenyewe ndiye aliyeileta. Asumini naye akamkumbusha kwamba chuma kilikaa chini ya kanga mpaka mvua zikaanza. Bi Mosi akasema wasigombane, kwani cherehani yenye ufa aliinunua yeye. Sikudhani akawaona jinsi wanavyopendana na jinsi kila mmoja anavyolitaka lile jina.

Mtoto akaamka, akaanza kulia. Wote watatu wakanyoosha mikono.

Mama mkwe akasogea na maji ya kumwogeshea, akauliza, "Haya, mwanangu, tumwite nani?"

Sikudhani akamtazama mtoto, akawatazama wao. Mimi hadithi nimeipokea mpaka hapo, na kila nilikoisimulia watu wametoka wakibishana njia nzima. Sasa ni zamu yenu mlioketi hapa. Kuna aliyeichagua cherehani ifaayo akavuliwa cheo, kuna aliyemnyamazisha mpenzi wake mara ya pili, na kuna aliyelifichua kosa lake akakosa kazi. Je, mngekuwa ninyi, mtoto yule mngemwita Mosi, Tausi, au Asumini?