Kiraka cha Sufi Kwenye Kanzu ya Shaame

Hapo zamani, bibi yake bibi yangu bado hajaota meno, palikuwa na mji uliokuwa ukiomba mvua kwa kumcheza ng'ombe. Jua likikaza, mihogo ikinyauka, visima vikatoa tope, wenye mji hulitoa dume moja, hulifunga kamba ndefu, na mtu mmoja huingia uwanjani kulicheza kwa upande wa kanga. Mmoja tu. Akitoka mzima, kheri. Asipotoka, husomewa hitima, na mvua husubiriwa vilevile.

Nani aingie? Hapo ndipo ilipokaa hofu yenyewe. Mpiga zumari hupita mlango kwa mlango asubuhi kweupe, akipuliza, na mlango atakaosimama ndio huo. Wanaotwanga huacha mchi hewani. Wanaonyonyesha huwaziba watoto masikio. Zumari ikipita, utaisikia nyumba nzima ikishusha pumzi.

Mwaka huo ilisimama mlangoni pa Shaame.

Mkewe, Mize, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Aliisikia inakuja, akasema moyoni, itapita. Ikafika kwa jirani, ikapita. Ikafika kwake, haikupita. Mbuzi ikamkata kidole na wala hakujua mpaka alipoona tui jekundu.

"Mpiga zumari," akasema, "mume wangu mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Jana nimemwona anabeba gogo."

Ugonjwa wa Shaame haukuonekana kwa nje. Miaka mitatu nyuma alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akaangukia kisiki, na mbavu mbili za kushoto zikavunjika vipande vipande. Mwunga mifupa alivitoa vile vipande, akafunga jeraha, likapona. Lakini pale mahali hapakurudi mfupa. Pakabaki shimo la kuingia ngumi ya mtoto, limezibwa kwa ngozi tupu. Usiku Mize akilaza mkono pale, husikia moyo wa mumewe unamgonga kiganjani, kama kifaranga kilichofunikwa kwa kitambaa. Pembe haikuhitaji nguvu kuingia pale. Hata kidole kingetosha.

Akamweleza mpiga zumari yote hayo. Yule akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi, mimi kazi yangu kupuliza. Mlango usiotoa mtu hung'olewa, na wenyewe huhama mji. Ijumaa, uwanjani." Akaenda zake.

Mwanamume wa mlango ule alikuwa Shaame peke yake.

Basi walioijua siri ya shimo lile walikuwa watatu. Mize mwenyewe. Bikombo, mama yake Shaame. Na Faki dobi, rafiki yake, aliyekuwa chini ya mkarafuu siku ile na ndiye aliyembeba mgongoni. Wakakutana kwa Mize, wakafunga mlango, wakawa wananong'ona kama wezi.

"Tumshonee kitu kizito hapa kifuani," akasema Mize. "Kitu kinene, laini, pembe ikigonga izame isifike."

Bikombo akamshika mkono. "Mwanangu, sindano haipiti kwenye kanzu ya mchezaji. Sindano ikipita, pembe hufuata njia ileile. Hujasikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi usinitie sindano kwenye nguo ya mwanangu."

Faki akakuna ndevu. "Sindano haipiti," akasema. "Pasi je? Pasi imekatazwa?"

Wakatazamana. Pasi haikukatazwa na mtu.

"Nikipata kitu kinachoyeyuka kikashika," akasema Faki, "nitakibandika kiraka hicho kwa moto, bila uzi hata mmoja."

Bikombo akaondoka, akarudi na kitu amekifunga kwenye ncha ya kanga. Kipande cha sandarusi, utomvu wa mti uliogeuka jiwe, cha rangi ya asali, ndani yake mdudu amelala na mbawa zake, hajulikani tangu lini. Baba yake alikuwa mchimba sandarusi, hakuacha shamba wala nyumba, aliacha hicho. Ajuza alikuwa akikitazama kwenye jua kila alipomkumbuka baba. Akakitia kwenye kinu mwenyewe, akakitwanga. Hakulia. Alitwanga mpaka mdudu akawa unga.

Mize naye akauleta mto wake wa harusi. Mama yake aliujaza sufi kwa mkono wake, akafa kabla mwaka haujaisha, na harufu yake ilikuwa mle ndani bado. Mize akautia wembe.

Faki akaiyeyusha sandarusi pamoja na nta ya nyuki. Kitambaa akakikunja kikawa kama andazi, sufi katikati, na pambizoni akaacha upana wa vidole viwili, akapaka ile gundi. Kisha akatia makaa kwenye pasi, akakibandika kiraka upande wa ndani wa kanzu, juu ya moyo, kushoto. Akazungusha pasi pambizoni, polepole. Kikashika! Ukivuta, inakuja kanzu nzima.

Shaame akaivaa. Mize akampiga ngumi kifuani kwa nguvu zake zote.

"Umesikia?"

"Kama paka kanikanyaga," akasema Shaame, akacheka. Ndiyo siku pekee waliyocheka wiki ile.

Ikaja Ijumaa. Mji mzima uwanjani. Dume lenyewe likiitwa Kiza, na mwaka uliopita lilikuwa limemlaza mtu. Lilisimama halivuti kamba, halikwaruzi ardhi, linatazama tu. Mize aliona afadhali lingekwaruza.

Sasa wajukuu zangu, sikilizeni jambo walilolisahau. Mji ule, kanzu ya mchezaji hugeuzwa palepale uwanjani, ndani ikawa nje, ili jicho la hasidi lisimpate. Hufukizwa ubani, huvishwa, na ikishavaliwa haivuliwi mpaka dume lifungwe. Bikombo alikuwa ameliona hilo miaka sitini. Faki aliwapigia pasi kanzu wachezaji wanane. Mize alikuwa akilitazama tangu yu mgongoni mwa mama yake. Wote watatu walijua, na wote watatu hofu iliwafuta akili.

Kanzu ikageuzwa. Ikafukizwa. Ikavishwa. Na ya kushoto, ikigeuzwa, huwa ya kulia.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. "Shaame kaota ziwa!" akapiga kelele mmoja. "Moja tu! Mnyonyesheni ndama!"

Mize akatazama. Kiraka kimetokeza nje, kimevimba, kiko upande wa kulia. Upande wa kushoto kanzu imelala bapa, na alipokaza macho aliiona inatikisika kidogo, inatikisika, inatikisika, kwa ule moyo chini yake. Akapiga kelele kwa sauti yake yote:

"Faki! Kiko kulia! Kiko kulia!"

Mchezaji huingia zumari inaponyamaza. Na wimbo uliokuwa ukipulizwa tangu kanzu ivishwe ulikuwa ukielekea ukingoni. Mize aliusikia unapungua, unapungua, kama maji ya mtungi uliotoboka.

Hapo Bikombo akaingia uwanjani. Ajuza wa miaka sabini, magoti yamevimba, hata kusali alikuwa akiwekewa kiti. Akajifunga kanga kiunoni, akaanza kucheza mbele ya zumari. Na ada ya pale ni hii: mwanamke akiichezea zumari, zumari hainyamazi mpaka yeye aache. Mpiga zumari akatoa macho, mashavu yakamvimba, akaendelea.

"Bikombo, kaa chini, utakufa!" wakapiga kelele wanawake wenzake.

"Nipulizieni nife!" akajibu. "Nyie kazi yenu kutazama!"

Faki akakimbilia kibanda chake, kilikuwa kando ya uwanja hapo hapo. Pasi imepoa! Akamwendea mwanamke aliyekuwa akichoma mihogo, akachota makaa ya jiko lake bila kuomba.

"Dobi mwizi, mihogo yangu!"

"Nitakulipa mihogo, mama, nipishe!"

Akafika kwa Shaame. Kanzu haivuliwi. Akapasha pambizo za kiraka kwa ncha ya pasi, kikaachia, akakiweka kushoto. Lakini pasi ya moto juu ya kanzu, na chini ya kanzu shimo lenye ngozi tupu na moyo? Faki hakufikiri mara mbili. Akapitisha mkono wake wa kushoto shingoni mwa kanzu, akaulaza kiganja juu ya lile shimo, na kwa mkono wa kulia akabonyeza pasi. Sandarusi ikayeyuka, ikapenya kitambaa, ikashika nyama. Mize, aliyewakimbilia pale, alisikia nyama ikiungua. Faki akauma meno, akazungusha pasi pambizo moja baada ya nyingine.

"Faki, toa mkono," akanong'ona Shaame.

"Bado upande wa chini." Akaumaliza na huo, akaubandua mkono.

Kule Bikombo akaanguka. Zumari ikanyamaza.

Shaame akaingia.

Kiza hakumpa nafasi hata ya kutandaza kanga. Mize aliona vumbi, kisha aliona mgongo wa dume, kisha aliona pembe inakwenda palepale, kana kwamba imeambiwa. Ikagonga. Shaame akarushwa, akaanguka chali, mikono huku na huku. Mize akahesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, tatu, akasema, sasa mimi ni mjane. Nne. Tano.

Shaame akakohoa.

Pembe ilikuwa imezama kwenye sufi, ikateleza juu ya ile gundi ngumu, ikatokea kwapani. Akainuka, akaokota kanga, akaligusa dume paji la uso, mara moja, mbili, tatu, kama ada inavyotaka, na watu wakalivuta dume kwa kamba, wakalifunga. Mize alimfikia wa kwanza. Akatia mkono chini ya kanzu. Kifaranga kilikuwa kingali kinagonga.

Ingekuwa hadithi imekwisha, ningewaambia mlale. Lakini mvua haikunyesha. Lilikuja wingu moja, likatazama, likaenda zake. Wenye mji wakasema, Ijumaa ijayo tena, na kesho asubuhi zumari ipite.

Na pana ada nyingine. Mchezaji aliyetoka mzima haitwi tena. Kanzu yake humpa mtu mmoja, yule aliyemtoa mautini. Mlango utakaotundikwa kanzu hiyo, zumari haisimami hapo mpaka kanzu ioze. Haikatwi vipande, haiazimwi, haitundikwi milango miwili.

Jua halijatua, wakakutana tena wanne, kwa Mize, mlango umefungwa. Shaame ameshika kanzu kwa ukosi.

Mize akaanza. "Mume wangu, mlango wa marehemu baba yangu una mwanamume mmoja, kaka yangu Makame, na unaijua pumu yake. Akitoka chooni mpaka barazani hupumzika njiani. Zumari ikisimama pale, hatafika hata kwenye pembe. Wazo la kiraka lilikuwa langu. Sufi ilikuwa yangu, mto wa mama yangu nimeuchinja. Na nisingepiga kelele, nani angeona? Mngecheka na wenzenu mpaka mtu afe. Nipe kanzu nimpelekee Makame."

"Uliona!" akasema Bikombo kutoka kitandani alikolazwa, miguu imefungwa majani. "Mkaza mwana, uliona baada ya kusahau. Ulikaa siku tatu na kanzu mikononi, hukukumbuka kuwa hugeuzwa."

"Na wewe, mama, uliyeliona miaka sitini?"

"Nilisahau. Sikatai. Lakini zumari aliinunulia nani muda? Mimi. Mganga kasema magoti haya hayatasimama tena. Sandarusi ya baba yangu nimeitwanga. Shaame, nimezika watoto watatu. Nimebaki na wewe na mdogo wako Dadi, na Dadi ndiye mwanamume wa mlango wangu. Wewe nimekuokoa. Nisaidie nimwokoe na yeye."

Faki alikuwa amekaa karibu na mlango, mkono umefungwa tambara. Hakutaka kusema. Shaame akamwambia, "Sema na wewe, ndugu yangu."

"Mimi sina kaka wala mtoto," akasema Faki. "Mlango wangu ni mimi. Zumari ikisimama, nitaingia mimi, na kanga huchezwa kwa mikono miwili." Akafungua tambara. Vidole vilikuwa vimegandana, vimejikunja kama jani lililopitiwa na moto. "Hawa wanaomba kwa ajili ya watu ambao zumari pengine itawapita. Nami pengine itanipita. Lakini wao walikupa walivyokuwa navyo, Shaame. Mto, jiwe, hata magoti ya mzee. Bila sufi kiraka hakuna, najua. Bila muda nisingemaliza, najua. Ila kati ya moto na moyo wako palikuwa na kitu kimoja tu. Kiganja hiki."

"Kiraka ulikiweka wewe upande usiofaa," akasema Mize, na akaona haya palepale, machozi yakamtoka.

"Nilikiweka ulipokuwa moyo, Bi Mize."

Bikombo akageuza uso ukutani. Shaame akatazama kanzu, akamtazama mkewe, akamtazama mama yake, akautazama ule mkono. Mize aliliona shimo la mumewe linapanda na kushuka, haraka haraka kuliko siku ya dume. Akaogopa atakalosema. Akaogopa zaidi kwamba huenda hatamtaja yeye, na akaogopa kwamba huenda atamtaja.

Shaame akafungua mdomo.

Sasa nami nanyamaza, wajukuu zangu, maana aliyenisimulia alinyamaza hapa. Kanzu ni moja, milango ni mitatu, na asubuhi zumari inapita. Aliyetoa wazo na jicho, aliyetoa magoti, aliyetoa mkono: je, nani alistahili kanzu ya Shaame?